Mama Nasra Tumekuwa Wawili

Kiwalani, Dar es Salaam

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba. Najua ukiona tu mwandiko wangu mdomo wako umeshasema shikamoo dada, kwa hiyo nimekuitikia mapema tusicheleweshane. Hamjambo huko Newala? Miguu ya Mama inaendeleaje, bado inavimba jioni au ile dawa ya kuchua imemsaidia? Shemeji naye mzima? Mie nipo, nashukuru Mungu. Mwili mzima ila nimechoka, macho yananiwasha, na vidole vimekuwa vyeusi mpaka ndani ya kucha, havitakati hata kwa petroli.

Nasra sijamuulizia hapo juu, na nimefanya makusudi. Nikianza na yeye barua yote itakuwa yeye. Na kweli barua yote ni yeye.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Nikipiga, Nasra yuko mapajani mwako anasikia kila neno, na nikikutumia sauti unaifungulia uani mbele ya watu. Jirani yangu wa chumba cha pili anakuja huko kwenye arobaini ya baba yake, nimempa bahasha hii mkononi. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza, ukitaka kumsomea Mama, ruksa.

Kwanza nikuelezee kazi yangu, maana watu wakikuuliza unawaambia dada anapaka rangi magari. Siyo rangi, Somoe. Tunapaka bodi za pikapu dawa nyeusi nzito ya kuzuia kutu na mikwaruzo. Leo inaletwa pikapu ya samaki kutoka Kimbiji, maji ya chumvi yameitoboa sakafu. Kesho analeta tajiri wa Kawe gari lake jipya kabisa, halijawahi kubeba hata mfuko wa simenti, anataka tumpigie dawa mpaka milango ya ubavuni ili lionekane la kazi. Wote tunawahudumia. Tunasugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, tunaosha, tunafunika kwa magazeti na tepu kila mahali pasipotakiwa dawa, ndipo tunapiga. Dawa ziko mbili kwenye mapipa mawili, zinapashwa moto, zinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Ukihesabu kumi imeshakauka, ngumu kama soli ya katambuga. Hakuna kufuta. Ukikosea, unakata kwa kisu.

Mwaka mzima mie nilikuwa wa magazeti na tepu. Sasa nashika bunduki, mwanamke peke yangu pale, navaa ovaroli na barakoa yenye makopo mawili mashavuni kama panya buku. Na pale gereji hakuna anayeniita Mwajuma. Wote wananiita Mama Nasra, hata waliokuja juzi ambao huyo Nasra hawajamuona hata kisigino.

Hawajamuona kwa sababu ya hiyo hiyo dawa. Unakumbuka tulikuwa tunakaa kile chumba kilichogusana ukuta na banda la kupigia dawa. Nasra akawa anabanwa kifua, akilala anakoroma kama mtu mzima. Nesi wa zahanati akaniambia, "Mama, huyu mtoto mtoe kwenye hiyo harufu, au toka wewe." Kutoka sikuweza, kazi ndiyo hiyo. Baba yake habari zake unazijua kuliko mie, maana ndugu zake mnakaa nao huko. Nikampandisha basi nikakuletea, wewe ukampokea kabla hata sijatua begi. Hilo sijalisahau na sitalisahau. Kifua chake kimepona mikononi mwako. Mwaka sasa na miezi miwili.

Sasa sikiliza, Somoe. Nina wivu. Nimeandika kwa peni na sikati.

Watu husema wivu ni wa mume. Mie mume hakunipa wivu kama huu. Nikiona kwenye picha umemsuka yebo yebo, naangalia mistari kama iko sawa, nikiona iko sawa naumia. Akinenepa nafurahi, halafu najiuliza amelishwa nini ambacho mie sikumlisha. Ulivyosema sasa anakula kisamvu, mie nilimbembeleza kisamvu mpaka nikachoka, hakula. Kwako anakula! Nilikata simu siku ile, nikakwambia chaji imeisha. Chaji haikuisha.

Halafu likaja lile la mama mdogo. Wewe ulicheka na mie nikacheka, lakini naomba leo tulirudie. Nilipiga simu ya picha, nikamsikia anakukimbilia, "Mama! Mama mdogo anapiga!" Nikadhani amechanganya. Ulipompa simu nikamuuliza, "Nasra, mie nani?"

"Mama mdogo."

"Mama mdogo ni Somoe, mdogo wangu. Mie mama."

Akaniangalia kama ananionea huruma. "Hapana. Mama mkubwa yuko hapa. Wewe mdogo. Unaingia kwenye simu."

Ulicheka mpaka ukakaa chini, nikasikia na Shemeji anacheka huko nyuma. Mtoto hana kosa. Amepima kwa macho. Mwenye kiganja cha kumuogesha ni mkubwa, anayeenea kwenye kiganja ni mdogo. Lakini wewe ulimuacha na hesabu hiyo, Somoe. Ulicheka ukamuacha nayo.

Wiki ile alipoanza chekechea ukanitumia picha yake na sare, soksi mpaka magotini, na kadi shingoni. Nikaikuza ile picha nimsome macho, vidole vyangu vikateleza vikaikuza kadi. Jina la mtoto, Nasra. Jina la mama, Somoe.

Niliirudia mara nyingi nikidhani ni ukungu wa picha. Asubuhi, kabla ya kazi, nikakupigia. Ulikuwa unafua, nilisikia maji. Nikatafuta namna ya kuanza, nikauliza habari za Mama, habari za mvua. Ndipo jirani yenu mmoja akapiga ukelele kutoka bombani, "Mama Nasra weee! Maji yametoka, lete ndoo!"

Nikaitikia, "Abee!"

Na wewe ukaitikia, "Abee!"

Pamoja, Somoe. Sauti moja kama tunaimba. Ukasema, "Dada, ngoja nikinge maji, nitakupigia." Hukupiga. Na mie sikupiga.

Siku hiyo hiyo mbele yangu ilikuwa pikapu ya Bi Kidawa, mwenye ile pikapu ya samaki ya Kimbiji niliyokutajia. Ameketi kwenye benchi anasubiri gari lake, binti yake mdogo amemlalia, anamwambia "Mama, nywele zako zinanuka pweza," na yeye anamjibu, "Hizo nywele ndizo zinazokuvisha." Nilitamani nihamie benchi lile. Nikavaa barakoa, nikapiga bodi nzima, sakafu, kuta, mlango wa nyuma, vizuri kabisa, haikuchuruzika hata tone. Nikashusha bunduki, Fundi Mbaraka akaja kukagua. Huyu ndiye mkubwa wetu, mzee wa Kigamboni, mdomo wake mkali ila moyo hana neno. Akavuta komeo la mlango wa nyuma. Halikuja. Akavuta tena. Nilisahau kufunika komeo na bawaba, dawa imeingia yote, mlango umekuwa kitu kimoja na bodi.

Bi Kidawa akainuka. "We mwanangu, umenizikia gari?"

Fundi akamwambia, "Bi Kidawa, umepata pikapu ambayo samaki wako hawaibiwi."

"Hawaibiwi wala hawapakiwi! Nitawapitisha dirishani kama barua?"

Watu wakacheka gereji nzima. Mie machozi yalikuwa yanajaa ndani ya barakoa. Fundi akaniita pembeni. "Mama Nasra, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo hapa hapa, Fundi."

"Mwili ulikuwepo. Gazeti la kufunika komeo liko mfukoni mwako mpaka sasa hivi."

Nikatia mkono mfukoni. Lipo, limeshakatwa kwa kipimo chake, na tepu yake.

Akasema, "Sikiliza, binti yangu. Hii dawa inakauka kwa kuhesabu kumi, haimsubiri mtu arudi kutoka Newala. Kamlete mtoto wako, au nikunyang'anye bunduki urudi kwenye magazeti. Nusu mtu hapa simuwezi."

Siku mbili nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya gari lile na kisu cha kukatia. Fundi alinionyesha, usivute. Ukivuta dawa iliyoshika vizuri inaondoka na rangi ya chini yake, chuma kinabaki uchi. Unakata ukingo kidogo kidogo, unafuata mstari, unapumzika, unakata tena. Siku ya kwanza nilikata kwa hasira, hasira zako wewe. Nilikuwa nakusema kwa sauti, mpaka yule tunayefanya naye msasa akauliza nagombana na nani. Siku ya pili hasira ziliniishia mikono ikabaki na kazi, ndipo nikaanza kufikiri kama mtu.

Nimefikiri hivi. Miaka minne ya ndoa, nayajua maneno ya mawifi zako, najua na chumba cha mtoto mlichokipaka rangi mapema mkafunga mlango wake. Sikuwahi kukuuliza, kwa sababu naogopa ukilia na mie nalia. Mtu akikuita Mama Nasra bombani, ni mara ya kwanza umeitwa mama na mtu. Ungekataaje? Mie mwenyewe nisingekataa. Hata ile kadi nadhani mwalimu aliuliza "mama yake nani?", mdomo ukajibu kabla yako.

Nakuelewa. Lakini kukuelewa hakunifanyi nikuachie. Ile siku uliponitumia ujumbe, "Dada, huyu si umuache tu hapa amalize na shule ya msingi," sikukujibu. Jibu ni hapana. Nilikupa unishikie, Somoe, sikukupa umgandishe kama lile komeo. Mungu akikupa wako nitakuja kukulea kwenye uzazi, nitakukanda kwa maji ya moto kwa mikono yangu hii myeusi. Nasra ni wangu.

Kwa hiyo nimeshafanya haya. Nimehama kile chumba. Nimepata kingine mitaa mitatu kutoka gereji, nimekaa mwezi mzima nanusa kila upepo, harufu haifiki. Naoga na kubadili nguo huko huko kazini, nyumbani siingii na ovaroli. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima mstaarabu wa huko huko kwetu, amekubali kumtazama akitoka chekechea mpaka nirudi. Ndege zinapita juu ya bati, atashtuka siku za mwanzo, kisha atazoea kama nilivyozoea.

Shule zikifungwa mwisho wa mwezi huu, mlete. Kabla hamjasafiri nenda kwa mwalimu, kadi ibadilishwe. Sitaki ashuke kwenye basi na jina lako shingoni. Ukiona haya, mwambie mwalimu dada yangu ana wivu. Hutakuwa umesema uongo. Na usimfundishe njiani kuniita mama. Nitamfundisha mwenyewe. Akiniita mama mdogo wiki nzima, nitaitika wiki nzima.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie kanga zake nimempa huyo huyo aliyeleta barua, asimpe mtu mpaka amezivaa. Shemeji msalimie sana, mwambie sijasahau alivyombeba Nasra mgongoni mpaka hospitali siku ya ile homa, deni hilo halilipiki. Baba mdogo na wake zake wote wawili wape salamu sawa sawa, usianze na mmoja. Na huyo jirani yenu wa bombani msalimie pia, simchukii.

Limebaki moja, na hili siyo amri, ni ombi. Ukimleta, usigeuke na basi la kesho yake. Muombe Shemeji ruhusa ya mwezi, ikishindikana wiki mbili. Kitanda ni cha futi tano, tutalala watatu, yeye katikati. Maana mie najua kitakachotokea. Usiku ataamka kwenye chumba asichokijua, atalia, na jina atakaloita ni lako. Nitasikia. Nitaumia, na nitakupisha umchukue. Ila usipokuwepo na wewe pale, Somoe, nitamjibu nini?

Ni mie dada yako akupendaye,
Mwajuma