Kahawa Chini ya Daraja

Dada Torbjørg,

Huku theluji imeyeyuka, mto umejaa, na lile daraja la chuma unaloliogopa bado limesimama. Wakubwa wa reli walitaka kulibomoa, eti limezeeka. Tukawaambia walipime kwanza.

Unakumbuka tulivyosimuliwa: babu alipomaliza kuligongelea ribiti, zile pini za kuunganisha vyuma, bibi alikaa chini yake mashuani, akimpakata mama, treni ya kwanza ikipita juu. Wake wa wajenzi wote walifanya hivyo, kuonyesha wanaiamini kazi ya waume zao. Basi juzi, siku ya kulipima, nami nikafunga mashua kwenye nguzo, nikajimiminia kahawa.

Injinia akapiga kelele, "Bibi wee, toka hapo! Likianguka je?"

"Kalijenga babu yangu, haliangukii wajukuu! Lete hayo mabehewa yako ya mawe, kahawa inapoa!"

Yakapita yote. Hata tone halikumwagika. Daraja limefaulu.

Wiki hiyohiyo nami nilipimwa moyo. Mimi sikufaulu.

Kwa hiyo kile kisingizio chako cha miaka yote kimekwisha. Panda treni, dada, wala usingoje kiangazi.

Mdogo wako, mkaidi vilevile,
Ragnhild