Nimeituma Kama Nilivyoipokea

Tabora, Jumatano. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekusanyika tangu adhuhuri, yametutisha, kisha yametawanyika bila kuacha tone.

Nina hasira, nami nimeamua kuiandika kabla haijapoa ikawa busara.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua nilikuja kumzika mdogo wangu, Yakobo. Mimi naishi Tanga tangu ujana, na kila nirudipo hapa nakuwa mgeni kidogo zaidi. Nyumba tuliyozaliwa kule Ng'ambo sasa ni duka la vipuri vya bodaboda. Nalala Cheyo kwa Neema, binti wa marehemu, katika chumba kinachotazama uani. Nilikusudia kuondoka mara tu baada ya matanga. Sijaondoka, na sababu ni video isiyofika hata nusu dakika.

Nieleze kwa utaratibu, maana waliokwisha kusema ni wengi na hakuna aliyeeleza.

Sisi ni Wanyamwezi. Wagogo ni watani wetu, na utani huo haukuanza jana. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani iliwabidi wapite Ugogo, nchi kavu, na maji yalikuwa ya Wagogo. Waligombana, wakatozana, wakazoeana, mwisho wakaona heri wachekane kuliko kuuana. Tangu hapo Mgogo anaweza kunitukana katikati ya soko, nami sina ruhusa ya kununa. Msibani, mtani ana kazi kamili. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humsema kasoro zake, huwazuia wabeba jeneza mpaka apewe chochote. Anawakumbusha waliofiwa kwamba wao wenyewe bado hawajafa.

Mtani wa ukoo wetu ni Bi Chiku. Aliletwa Tabora na ndoa, mumewe akiwa fundi wa reli, akafiwa naye hapa hapa, na hapa hapa akabaki. Anauza asali na uyoga mkavu barazani kwake Ng'ambo. Ni mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima. Nataja macho kwa sababu wengine wameyataja.

Yakobo aliugua kisukari kwa muda mrefu na mwishoni alikuwa akichechemea. Siku ya maziko Bi Chiku alitokea amevaa koti la marehemu na kofia yake, ana fimbo, anachechemea vilevile hasa, mpaka nywele zikanisimama. Akafika mbele ya jeneza akapaza sauti:

"Mnalia nini? Huyu nimemla mimi! Nyama yenyewe ngumu, inanuka tumbaku, paja moja nimewaachia mchwa. Mkileta mwingine, mlete na chumvi!"

Mzee Maganga, niliyesoma naye shule ya msingi na ambaye baadaye alikuwa mwalimu hapa mjini, alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Akamrukia: "We Mgogo, kwako hukushiba?"

"Nyamaza, mbeba mizigo! Maji mliyokunywa kwetu mtayatapika lini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na Mama Neema, mjane, ambaye tangu mumewe akate roho hakuwa ametoa neno wala kutia chakula kinywani, alicheka. Alicheka mpaka akashikwa mabega. Kisha akalia kile kilio cha kutoka tumboni, kilichokuwa kimekwama, na kilipokwisha akaomba uji.

Mchungaji alikuwa amejaribu. Mimi nilikuwa nimejaribu. Aliyeweza ni Bi Chiku.

Mkwe wetu mmoja kutoka Dar alipiga video. Aliiweka mtandaoni yote, na vicheko vyake, akaandika kwamba kwao hata msiba una raha. Hakuwa na nia mbaya. Lakini hakumwomba mwenye sura ruhusa, wala haikumpitia akilini kwamba kuna watu milioni watakaoitazama bila kujua mtani ni nini.

Kisha mtu tusiyemjua akaichukua, akaikata. Vicheko vikaondoka. Maganga na mjane wakaondoka. Akabaki kikongwe mwenye kofia ya kiume, uso umevutwa karibu mpaka macho yamejaa kioo, na sauti isemayo, "Huyu nimemla mimi. Mkileta mwingine..." Chini wakaweka muziki wa huzuni. Juu wakaandika kwa rangi nyekundu: BIBI MCHAWI WA TABORA AKIRI KULA MTU.

Nimesoma maoni. Neema alinikataza, nikasoma.

"Achomwe," ameandika mtu ambaye picha yake ni ya mtoto mchanga aliyefungwa utepe kichwani. Mwingine ameuliza anakaa wapi. Wa tatu, Mungu amsamehe kwa kuwa mimi siwezi, akataja mtaa.

Kwa anayesoma akiwa mbali: huku magharibi neno mchawi si la kuchezea. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu. Kila mtu mzima hapa analijua hilo. Kila mmoja.

Ndiyo maana sina usingizi na la Jumatatu. Asubuhi ile video iliyokatwa iliingia katika kundi letu la ukoo na marafiki. Sikushangaa kuiona. Nilishangaa jina la mtumaji. Ilikuwa imetumwa na Mzee Maganga, na maneno haya: "Tujihadhari jamani. Nimeituma kama nilivyoipokea."

Aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu. Aliyemjibu.

Nilipanda bajaji nikamfuata kwake. Nilimkuta anakunywa chai.

"Mzee mwenzangu, hii video unaijua?"

"Naijua, imezagaa."

"Hapo ilipokatwa palikuwa na sauti. Ya nani?"

Akaweka kikombe chini. "Mimi sikusema ni mchawi. Nimeituma tu kama nilivyoipokea."

"Umeipokea nini, Maganga? Wewe ulikuwepo!"

Hapo akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani. Alisema, taratibu, kama mtu anayeungama: "Nilikuwepo, bwana. Lakini ukiitazama hivi kwenye simu, inatisha. Hata mimi niliogopa."

Fikirini. Mtu mzima, msomi, mwalimu, aliyesimama pale na kucheka kwa meno yake mwenyewe, amekiamini kioo cha simu kuliko macho yake. Tunawalaumu vijana kwamba hawajui kupambanua mtandaoni. Vijana wa ukoo wetu ndio waliokuwa wa kwanza kuandika kwenye kundi, "Babu, hii imehaririwa." Walioipeleka mbele ni sisi wenye mvi, kila mmoja kwa nia njema, kila mmoja akitahadharisha wenzake.

Nikamwambia aandike kundini kwamba amekosea. Akasema ameshaifuta.

"Umefuta kwako. Kwa Bi Chiku itafutwa na nani?"

Akainua kikombe tena. Chai yake ilikuwa imepoa, nikaondoka.

Nimelifikiria sana hilo neno lao, kama nilivyoipokea. Babu zetu walibeba mizigo iliyofungwa, wasijue ndani kuna nini. Lakini kila mpagazi alijua mzigo umetoka kwa nani na unakwenda kwa nani, na ukipotea njiani aliulizwa yeye, si upepo. Leo tunabeba kitu kinachoweza kumuua mtu, tunakitua katika nyumba mia kwa mpigo mmoja wa kidole, na tunadhani maneno matatu ya adabu yametutoa hatiani. Hayajatutoa. Ukikitua wewe, umekileta wewe.

Jana nilikwenda na Neema kwa Bi Chiku. Baraza tupu. Mlango umefungwa mchana kweupe. Bati la upande mmoja limebonyea kwa mawe ya usiku, na ukutani kuna alama ya mkaa ambayo Neema aliifuta kwa kanga yake kabla hatujabisha hodi, ili mwenyewe asijue kwamba tumeiona.

Alifungua kidogo, akachungulia, akatuingiza haraka.

"Shikamoo, baba," akaniambia.

Sisi tunakaribiana umri. Tangu tujuane Bi Chiku hajawahi kuniamkia. Huniita mzigo. Hunipokea stesheni kwa kuniuliza nimeiba nini Tanga. Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi lolote alilowahi kunipa.

Nikajaribu. "We Mgogo, asali yote umeilamba peke yako, leo baraza halina hata chupa?"

Akatazama mikono ya Neema kuona kama ameshika simu.

"Utani nimeacha, baba. Siku hizi utani una masikio ya watu wengi."

Kisha akaenda chumbani akatoka na koti la Yakobo, limefuliwa, limekunjwa. Kwa desturi yetu koti lile ni lake. Mtani akishalivaa msibani hakuna wa kumdai. Akamwekea Neema mapajani.

"Chukueni. Sitaki wakija walikute kwangu, waseme ni nguo ya mtu niliyemla."

Neema alilia. Mimi nilitazama dari, nikaona mwanga ukiingia palipobonyea.

Binti wa Bi Chiku aliyeko Dodoma amekwisha kumkatia mama yake tiketi ya treni ya Ijumaa. Namwelewa, ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Lakini Bi Chiku hataki kwenda. Kaburi la mumewe liko hapa na yeye ndiye analipalilia. Wateja wake wako hapa, au walikuwepo. Anasema atakwenda kwa muda tu. Nami ninajua kwenda kwa muda ni nini. Nilikwenda Tanga kwa muda.

Nakiri kwamba jana jioni nilitamani kufunga begi langu nami niondoke, nisiyaone haya. Ilipita.

Tumefanya tuliyoyaweza. Neema alinionyesha namna ya kuiripoti ile video: unabonyeza vidoti vitatu, unachagua kosa. Nilitafuta mahali pa kueleza kwamba huu ni utani wa msibani. Hapakuwa na mahali pa kueleza. Tukachagua kosa lililokaribiana, na asubuhi jibu likaja, kwa Kiingereza, kwamba waliitazama na hawakuona ubaya. Nani aliitazama? Amekaa wapi? Anajua Mgogo ni nani kwa Mnyamwezi? Nimemwuliza Neema maswali haya kana kwamba ni yeye aliyeandika. Nimemwomba radhi.

Polisi walitusikiliza vizuri, wakaandika maelezo, wakaagiza video ya asili isipotee. Mkwe wetu wa Dar alikuwa ameiondoa mtandaoni kwa hofu, ila simuni anayo. Amenipigia analia: "Baba mkubwa, mimi nilipenda tu watu waone kwetu." Nikamwambia aitume yote, na sasa ukoo mzima unaisambaza ikiwa kamili, pamoja na maelezo. Wanaoitazama ni wachache. Ukweli ni mrefu, na watu wanabana bando.

Mwenyekiti wa mtaa amekubali kuitisha mkutano kesho alasiri, barazani kwa Bi Chiku hasa, watu waje wasikie. Mama Neema atakuja. Jamaa walipomwambia kwamba mjane hapaswi kutoka mapema hivi, alisema jambo ambalo nanakili hapa neno kwa neno:

"Shemeji, anayesemwa ameliwa ni mume wangu. Kama kuna mwenye haki ya kulalamika ni mimi. Na mimi nilicheka."

Hayo atayasema kesho mbele ya watu, naye Neema atamwonyesha matokeo ya hospitali ya baba yake yeyote atakayeyataka.

Jioni hii nimempigia Maganga. Nimemtaka aje asimame, aseme alimjibu nini Bi Chiku siku ile na Bi Chiku alimjibu nini, maana video haina tena sauti yake, bali yeye anayo. Akasema magoti yanamsumbua.

"Na kidole gumba kizima?"

Akakata simu. Sijui kama atakuja. Nimemwachia ujumbe kwamba bajaji nitailipia mimi.

Neema ameniuliza kama naamini mkutano utasaidia. Nimemwambia kwamba katika mtaa, utasaidia; jirani akimsikia mjane kwa masikio yake atakuwa na kitu cha kushindana na ile simu. Kule kwingine siwezi kumwahidi. Bi Chiku hatuambii kama atafungua mlango kesho ama atakaa ndani mpaka tumalize.

Tusipofanikiwa, Ijumaa treni itamchukua, na yule mwenye picha ya mtoto mchanga atakuwa anatazama kitu kingine, anacheka, ameshasahau alichoandika. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wamfukuze mtu katika mji wake, na wasijue hata kwamba wamemfukuza.