Kiganja Kimoja Kutoka Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kuanza na taa. Uniti za umeme zikiwaishia mapema, wanakimbilia swichi za ukutani. Taa inaonekana, ndiyo maana inalaumiwa. Lakini walaji wakubwa wa umeme nyumbani ni vile vinavyopasha joto au kuliondoa: birika, pasi, friji. Taa za siku hizi zinadokoa tu. Friji inakula.

Naandika kana kwamba lipo darasa mbele yangu. Halipo. Miaka thelathini na miwili ya kufundisha fizikia haitoki mwilini kwa kustaafu.

Mita ya leo asubuhi inasema tumetumia uniti sita tangu jana. Kabla ya mwezi mtukufu zilikuwa nne. Tuko wawili tu, mimi na Rukia, na balbu zote nilikwisha kuzibadilisha. Basi ni friji. Imesimama sebuleni, mgongo umegusa ukuta wa magharibi, palepale tulipoiweka siku binti yetu Salma alipoileta kutoka Watamu. Tulitaka mgeni aione kwanza. Juu yake kitambaa alichofuma Rukia, kimening'inia nyuma hadi nusu. Inanguruma bila kupumzika.

Ndani nimekuta majagi saba. La kwetu ni moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa kitini na kuhesabu. Kuanzia adhana ya alasiri hadi ya magharibi, mlango wa friji umefunguliwa mara arobaini na moja.

Ndiyo desturi ya mtaa wetu hapa Malindi. Mwenye friji hana friji peke yake. Ramadhani ikiingia, majagi yanakuja kila alasiri: ukwaju, embe, pasheni, mengine yametoka jikoni sasa hivi na mvuke wake. Mama Kadzo, jirani yetu ukuta kwa ukuta, anayekaanga samaki barabarani, ni mtu wa kanisa na hafungi. Lakini jagi lake ndilo la kwanza kufika. Husema kiu haina dini.

Friji haitengenezi baridi. Inabeba joto la ndani na kulitupa nje kwa mgongo wake. Ukiiwekea jagi la moto, umempa mpagazi gunia jingine kabla hajatua la kwanza.

Uniti si hofu yangu kubwa. Hofu ni dawa. Rukia ana sukari, daktari amemkataza kufunga; anachoma insulini asubuhi na jioni, na dawa inakaa humo humo. Kwa joto hili la Machi, mlango ukifunguliwa hivi kila siku, au uniti zikiisha tukiwa hatupo, itaharibika.

Nimemwambia Rukia tuwakatalie. Akaniangalia kama niliyemwambia tuhame mji. "Friji kaileta Salma," alisema. "Majirani walikuwapo kabla yake."

Basi nimezungusha kitufe cha baridi hadi namba ya mwisho. Dawa nimeihamisha juu kabisa, chini ya sehemu ya kugandishia, penye baridi kuliko pote. Sasa waje na majagi yao. Nimeridhika.

Ijumaa, 7 Machi

Uniti saba na nusu. Kitufe changu kinakula. Sijali, ilimradi dawa iko salama.

Asubuhi kiboksi cha dawa kilikuwa na ukungu mweupe wa barafu. Nilikifuta kwa ncha ya shuka nikampa Rukia. Akachoma sindano yake, akaenda kukanda unga wa mahamri.

Jumapili, 9 Machi

Rukia anakunywa maji kupita kiasi. Amechoka. Anasema ni jua, na ni kusimama jikoni. Usiku ameamka mara nyingi kwenda msalani.

Naogopa. Dawa anachoma kila siku, mbele ya macho yangu. Basi imeharibika. Na nawajua walioiharibu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya jambo baya. Naliandika lilivyo.

Majagi yalipokuja, nilisimama mlangoni. Wanawake watano, Mama Kadzo mbele. Nilisema kuanzia leo hakuna jagi litakaloingia. Wengine waligeuka. Mama Kadzo akanitania, akauliza kama friji nayo imefunga. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba jagi lake la moto litamuua mke wangu.

Alifunika jagi lake kwa ncha ya leso, akaenda.

Rukia alisikia yote kutoka kitandani. Tumefuturu. Maji ya ukwaju yalikuwa baridi sana. Sikuyamaliza.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali. Nimerudi sasa hivi kuchukua nguo zake na kandili ya... hapana, wana taa. Kichwa changu hakiko sawa.

Asubuhi Rukia alishindwa kusimama. Anatapika, pumzi zinakwenda mbio. Nilitoka nje kutafuta usafiri nikiwa na kiatu kimoja. Aliyeniona ni Mama Kadzo. Aliacha karai motoni, akasimamisha tuktuk, akaingia ndani, akambeba mke wangu begani kama mtoto. Njia nzima kichwa cha Rukia kilikuwa mapajani mwake. Mimi nilikaa mbele na dereva nimeshika kiboksi cha dawa.

Kimashine cha kupimia sukari hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba imepita kipimo. Wakamtundikia maji.

Muuguzi, binti mpole, alichukua kile kiboksi akauliza tunakihifadhi wapi. Nikaanza kumweleza kuhusu majagi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Aliniacha nimalize.

"Baba, dawa hii iliwahi kuganda?"

Nikakumbuka ule ukungu mweupe. Na ncha ya shuka.

Akasema insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kurudi kuwa maji, haina kazi tena, na kwa macho huenda usijue. Joto nalo huiharibu, lakini kwa muda. Barafu huiharibu mara moja.

Kumbe siku zote hizi Rukia alikuwa akijichoma maji. Si majagi. Mchana yaliipasha friji kidogo, ni kweli. Lakini usiku, mlango umefungwa na kitufe kiko mwisho, mimi ndiye niliyeigandisha dawa. Mwalimu wa fizikia.

Mama Kadzo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia.

Jumatano, 12 Machi

Sukari inashuka. Amenitambua. Amekunywa uji nusu kikombe.

Alhamdulillahi. Sina jingine.

Alhamisi, 13 Machi

Wamemruhusu. Dawa mpya, na maagizo: rafu ya kati, mbali na sehemu ya kugandishia, mbali pia na mlango.

Alasiri nilikwenda kwa Mama Kadzo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ingawa njia yenyewe ni hatua ishirini. Nilipofika yakanipotea. Nikasema tu kwamba nilimkosea mbele ya watu, na nimekuja kumwomba radhi mbele ya watu, maana wateja wake walikuwa wamepanga foleni.

Aligeuza samaki upande wa pili kwanza. "Mimi nilipasha, wewe uligandisha," akasema. "Tugawane kesi, Mwalimu."

Wateja wakacheka. Nikacheka nami, macho yakiwa na maji. Nilisingizia moshi.

Kisha, nilipomtajia hesabu yangu ya kitini, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Katika zile mara arobaini na moja za kufungua mlango, ni ngapi zilikuwa za majagi? Nilikuwa nimehesabu tu. Sikuwa nimeangalia. Nikarudi nyumbani nikakumbuka moja moja: mgeni asiyefunga anayetaka maji ya baridi, mtoto wa jirani na kikombe, mimi mwenyewe nikichungulia kama dawa ipo. Zaidi ya nusu zilikuwa za maji ya kunywa na zangu mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kazi. Mama Kadzo alikuja asubuhi na mtungi wa udongo wa marehemu mama yake, na kasha lake moja kati ya mawili ya kuhifadhia samaki. Alisema amelinda samaki wake, changu na tafi, miaka yote bila waya wa umeme, hatashindwa na ukwaju.

Mtungi tumeuweka kivulini, penye upepo wa dirishani. Udongo unavuja jasho kidogo, jasho linakauka na kuondoka na joto. Nilianza kuwaeleza. Rukia akasema kutoka kitandani kwamba bibi yake alilijua hilo bila chuo. Ni kweli.

Kasha ni la majagi. Sheria wamezitunga wao, si mimi. Jagi la moto lipoe kwanza kwao, ndani ya beseni la maji. Alasiri yote yaingie kashani pamoja na mabonge ya barafu ambayo friji yetu imegandisha usiku, wakati hakuna anayeisumbua. Kasha linakaa barazani. Friji haifunguliwi.

Kisha tukaivuta friji. Mama Kadzo upande mmoja, mimi upande wa pili. Nyuma yake: vumbi nene kama pamba, kijiko, miwani yangu iliyopotea, ambayo nilimlaumu Salma kwa ajili yake mwaka mzima, na kile kitambaa cha Rukia kimefunika mabomba membamba ambayo ndiyo mapafu yake. Ukuta wenyewe ulikuwa wa moto. Jua la mchana linaupiga hadi magharibi. Mpagazi wetu alikuwa anatupa joto, ukuta unamrudishia. Tumemnyima pumzi miaka minne ili wageni wamwone.

Tumeihamisha kwenye ukuta wa kaskazini, usiopata jua, na kuacha upana wa kiganja nyuma yake. Kabla ya kuiwasha tena tukayeyusha barafu iliyokuwa unene wa vidole vitatu. Dawa ilikuwa kashani kwa Mama Kadzo kwa muda huo, imefungwa kwa taulo isiguse barafu. Sikutumia kisu. Subira tu, na beseni.

Halafu karatasi. Unaifungia mlangoni, unaivuta. Ikikataa, mpira wa mlango ni mzima. Yetu ilitoka bila ubishi kwenye kona ya chini. Nikaosha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ulikuwa umejaa uchafu wa ukwaju uliokauka. Nikajaribu tena. Ikakataa.

Kitufe: namba tatu. Dawa: rafu ya kati, ndani ya kibati cha biskuti.

Mwisho nilikwenda kwenye mita. Kuna kitaa chekundu kinachopepesa kama jicho. Kikipepesa upesi, umeme unakimbia. Nikazima kila kitu ila friji na kutazama saa yangu. Wiki iliyopita kilikuwa kikipepesa mfululizo. Leo kilipepesa, kisha mashine ya friji ikajizima yenyewe, na kitaa kikatulia. Nimesimama pale kama mtu anayemsikiliza mgonjwa aliyepata usingizi.

Jumatatu, 17 Machi

Uniti nne kasoro. Rukia ameanza kutembea hadi barazani.

Jana futari ya kwanza ya kashani. Ukwaju ulikuwa baridi, lakini ulinukia samaki. Wanawake wakamtazama Mama Kadzo. Rukia akasema basi huo ni mchuzi, leteni wali. Leo kasha limesuguliwa kwa limau na jivu.

Jumamosi, 22 Machi

Tatu na nusu. Pasi nimeipangia siku moja tu, nguo zote kwa mkupuo, maana kila inapoanza upya inakula upya. Maji ya chai yaliyobaki tunatia kwenye chupa ya chai badala ya kuyachemsha tena. Mambo madogo. Lakini madogo baada ya kubwa, si kabla yake.

Kliniki wamempima Rukia. Namba nzuri. Muuguzi aliuliza kama bado natoa somo. Nikasema napokea.

Ijumaa, 28 Machi

Umeme ulikatika mtaa mzima tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi. Zamani ningezunguka nyumba nzima. Leo sikufungua mlango. Friji iliyojaa baridi na kufungwa inajilinda kwa saa kadhaa. Rukia alilala. Mtungi ulikuwa baridi. Nilisoma barazani, nikasikia wanawake wakigombania nafasi kashani, na nikashukuru kwa kelele zao.

Jumanne, 1 Aprili

Idi ilikuwa jana. Salma alikuja na watoto. Nyumba ilijaa, viti vilisogezwa, mikeka ikatandikwa, majirani wakaingia na kutoka. Mama Kadzo alikuja na gauni la kanisani, akala pilau, akapewa kiti kikubwa. Salma aliuliza kwa nini friji imeondoka mahali pake pa heshima. Rukia akamwambia ilikuwa inaumwa, na baba yake pia.

Leo kimya. Rukia amechoma sindano yake na kukaa kivulini na uzi wake. Kile kitambaa amekifua. Sasa kimefunika mdomo wa mtungi, na kimeupendeza kuliko kilivyoipendeza friji.

Namtazama. Mapema mwezi uliopita nusura nimpoteze kwa kujua nusu ya jambo na kulisimamia lote. Nimerudishiwa. Na aliyenisaidia kumbeba ni yule niliyemfukuza mlangoni.

Friji inanguruma tena tangu asubuhi. Nimekwenda kuangalia. Katika kusogeza viti jana, wameisukuma hadi ukutani.

La leo, kabla ya chai: ivute kiganja kimoja kutoka ukutani, iache ipumue.