Gauni Jeupe Ndani ya Maharage

Dada Anjela,

Niko dawati la nyuma, darasa la kidato cha nne, wenzangu wamekwenda kucheza mpira wa pete. Unanijua mimi na mpira. Naandika kwenye kurasa za mwisho za daftari la Baiolojia, kwa sababu mambo haya siwezi kuyasema kwa sauti, na wewe ndiye mtu pekee uliyekuwa ukingoja mpaka nimalize sentensi yangu.

Nianze na kosa. Gauni lako jeupe la unesi, lile walilolitafuta siku ya mazishi, mimi ndiye niliyelificha.

Asubuhi ile shangazi alifika kutoka Muyama, hata chai hakunywa. Akawaambia akina mama waliokuwa wakikuosha: "Mvalisheni lile jeupe. Alilihangaikia ujana wake wote, aende nalo." Wote wakaitikia, wakalia upya. Lilikuwa wazo la upendo, najua. Lakini mimi nilisikia jambo jingine. Nilisikia kwamba basi, imekwisha, uuguzi katika nyumba yetu unafukiwa saa nane mchana. Nikaingia chumbani kwetu, nikalitoa kwenye msumari, nikalikunja kama ulivyokuwa ukilikunja, mikono ndani, kola juu. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki na kulizamisha katikati ya gunia la maharage ya mbegu. Walitafuta mpaka katekista akafika. Ukazikwa na lile la bluu la Pasaka. Shangazi alilia akisema umekwenda kama mtu ambaye hakusoma.

Usinisamehe bado. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua maharage barazani, mkataba wako wa miezi mitatu kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu ulipokuwa umekwisha? Ulikuwa ukinichekesha kwa kuwaiga wagonjwa wako wa Kikongo: "Aksanti, nesi, niko nasikia baridi mingi!" Mradi ulifungwa, ukarudi na kofia yako tu. Siku hiyo ndipo uliponifundisha kuhesabu mapigo ya moyo. "Vidole vitatu, Sesi. Siyo gumba. Gumba lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe halafu useme mgonjwa mzima." Ukanirushia ganda la harage, likanasa kwenye nywele zangu ambazo wewe mwenyewe ulikuwa umezisuka, maana tangu mama atutoke hakuna mwingine aliyezisuka.

Pale hospitalini, siku ya nne ya homa yako, nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Kila aliyemwita alimjibu, "Nakuja, ndugu yangu, nakuja," na kweli alikuwa anakuja, ila vitanda vilikuwa vingi kuliko miguu yake. Nikakushika mkono. Nikasahau, dada. Nikatumia gumba. Nikasikia mapigo ya haraka, yenye nguvu, nikamkimbilia baba nje: "Yupo! Yanapiga vizuri!" Baba akapiga magoti palepale kwenye saruji, akamshukuru Mungu mbele ya watu. Nesi alipofika alikushika kwa vidole vitatu, akatazama saa yake ya kifuani, kisha akanitazama mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Yalikuwa mapigo yangu.

Tangu siku hiyo baba alikuwa hanitajii jambo hilo, wala hanitazami vizuri usoni. Na mimi kila kipindi cha Hesabu nawaza kitu kimoja: wodi ile ilihitaji muuguzi wa pili, na muuguzi wa pili alikuwepo. Alikuwa amelala kitandani, na cheti chake kiko nyumbani ndani ya bahasha ya kaki.

Sasa nikupe habari. Kwenye zahanati ulikojitolea miaka mitatu, wajawazito bado wanauliza nesi Anjela yuko wapi. Wengine wakiambiwa wanageuka na kurudi nyumbani. Mama Neema, yule uliyemzalisha siku ile ya mvua ya mawe, amempa mtoto jina lako. Ana kelele kweli huyo Anjela. Hajachukua upole wako hata kidogo.

Nestori mliyemaliza naye chuo bado yuko stendi ya Kasulu na bodaboda. Wenzake wanamwita Dokta. "Dokta, abiria wako ana presha, ukifika kwenye shimo mpe dawa!" Anacheka nao. Lakini cheti chake anatembea nacho chini ya kiti cha pikipiki, ndani ya plastiki, pamoja na pea mbili za glavu. Ameniambia bado anatuma maombi, kila nafasi zinapotangazwa. Ameniambia pia habari za siku mliyokwenda pamoja Kibondo kwenye usaili, watu wamejaa uwanjani, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Hiyo niliijua. Uliporudi ulikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, ukaniambia: "Sesi, leo nimeona hospitali nzima imekaa kwenye nyasi. Mungu angeangusha wodi pale, tungeanza kazi palepale." Ukacheka. Halafu ukaingia ndani, na hukutoka mpaka chakula kilipoiva.

Jumamosi iliyopita tulimaliza matanga na nguo zako zikagawiwa. Shangazi alizipanga kwenye mkeka, kitenge hiki kwa huyu, sweta kwa yule. Kisha akasimama, mikono kiunoni. Akasema amekuota mara mbili umesimama mtoni huna nguo, na kwamba gauni limeibwa na mtu aliyemo humu humu. Akamgeukia Nestori, aliyekuwa amekuja na kilo mbili za sukari na kukaa mwishoni kabisa. "Labda huyu dokta wa pikipiki amempelekea mchumba wake." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko kibaya. Nestori akainamisha kichwa kwenye kikombe chake cha togwa. Hakujitetea. Amezoea, dada. Wote mmezoeshwa kuinama.

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Mzee mmoja akaniambia, "Paza sauti, mtoto, au unaongea na mchwa?" Nikarudia. Nikaliburuta gunia, nikamwaga maharage yote kwenye mkeka mbele yao, na gauni likatoka, kola imejaa vumbi.

Shangazi alilinyakua. Akasema kesho yake tutachimba kidogo pale kichwani pa kaburi, tuliweke, upumzike. Baba akamuunga mkono. Alisema polepole, na hilo ndilo lililoniuma: "Dada yangu ana haki. Hilo gauni limenilia mtoto. Miaka mitatu ya chuo, mitatu ya kujitolea, na mingine ya kungoja kuitwa. Sitaki jingine humu ndani." Kisha akanigeukia. "Ile fomu ya machaguo waliyowapa shuleni. Umejaza nini?"

"Uuguzi, baba."

"Na chaguo la pili?"

"Uuguzi."

Nestori alipaliwa na togwa.

Baba hakucheka. "Ili ukae barazani na cheti kama dada yako?"

Mimi huyu, ambaye nikiulizwa jina langu natazama viatu, sijui nguvu ile ilitoka wapi. Nilisema hukukaa barazani hata siku moja. Nilisema nusu ya watoto waliokuwa wakikimbia pale uani walipokelewa na mikono yako. Kazi ulikuwa nayo, uliifanya kila siku mpaka ukaugua, ila hakuna aliyekuajiri, na aibu hiyo si yako ya kuzikwa nayo. Nilisema wanaopaswa kuinama ni wengine, si Nestori. Nikasema tukilifukia gauni tutakuwa tumekubali. Mimi sikubali. Hapo sauti ikakatika, nikabaki nimesimama kama mlingoti wa bendera.

Aliyeniokoa ni Mama Neema. Alikuja na kale ka-Anjela mgongoni, akashika pindo la gauni na kuwaonyesha lile doa la dawa ya zambarau ambalo hukuweza kulitoa hata kwa jiki. "Doa hili ni la kitovu cha huyu," akasema. "Fukieni, basi. Lakini mtamweleza wenyewe akikua."

Shangazi akalitazama lile doa. Akainusa kola, muda mrefu. Nadhani bado kulikuwa na harufu ya sabuni yako. Kisha akaja akaliweka mikononi mwangu. "Haya. Livae wewe. Ila nikisikia umelivaa halafu umekaa tu, natoka Muyama na fimbo." Akamwendea Nestori, akammiminia togwa nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo kwake ndiyo samahani.

Baba alichuchumaa akaanza kuokota maharage, punje moja moja, kuyarudisha guniani. Nikaokota naye.

Lakini Jumapili asubuhi, nikiwa nafunga begi nirudi shule, alikuja mlangoni na jembe begani. Akaliegemeza ukutani. Akanyoosha mkono wake, kiganja juu.

"Hesabu," akasema.

Niliweka vidole vitatu. Mkono wa baba ni mgumu, mshipa wake umejificha, ikabidi niutafute. Sikuharakisha. Alikuwa amenipa simu yake yenye saa, nikahesabu dakika nzima, yeye ananitazama usoni.

"Sabini na nne."

"Una uhakika ni yangu?"

"Ni yako, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua jembe lake akaenda shambani. Fomu nimeirudisha shuleni kama ilivyokuwa.

Dada, siwezi kukuahidi kwamba wataniita mapema. Labda na mimi nitakaa kwenye nyasi za Kibondo na bahasha yangu. Lakini sitakaa kimya. Nitauliza majina yanapangwaje, nitauliza kila mwaka, nitaandika barua kwa kila ofisi yenye mlango, maana kuandika naweza. Na mgonjwa wa mtu mwingine sitamshika kwa gumba kamwe. Hilo ndilo nakuahidi, pale ulipo.

Kengele imelia, wenzangu wanarudi. Lala salama, nesi wetu.

Gauni liko kwenye tranka langu bwenini. Nimelijaribu mara moja, mlango umefungwa. Linanipwaya mabegani. Fundi cherehani wa hapa nje ya geti amesema analipunguza kwa dakika kumi tu, nikamkatalia. Haliguswi. Mabega yatakuja.

Mdogo wako,
Sesi