Damu ya Hisato Inakumbuka Soba

Bweni la Wasichana, Chumba 14,
Matsumoto, Nagano.
Tarehe 24 Agosti.

Mpendwa Shangazi Mitsue,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na baridi ya São Paulo, imekwisha au bado unalala na soksi mbili? Kahawa uliyotuma ilifika salama, isipokuwa kopo moja lililobonyea, na wenzangu wa bwenini wameivamia kana kwamba kifurushi kilikuwa na majina yao. Wanakushukuru sana, na wanauliza utatuma lini nyingine.

Mimi ni mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu najua Mama alikupigia simu akilia, na Mama akilia huwa anaeleweka nusu. Mimi nakuandikia nusu iliyobaki.

Mwaka huu, katika kozi yetu ya lishe, tunasoma vijidudu na kinga ya mwili. Anatufundisha Mwalimu Kurashina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani. Mwezi wa Juni alitugawia visindano tujitoboe vidole na kupima makundi ya damu. Mimi tangu kuzaliwa ni A. Nikadondosha tone kwenye kadi, nikatia dawa, nikangoja damu ishikamane. Haikushikamana. Nozomi, ninayekaa naye meza moja, akachungulia.

"We si ulituambia ni A? Watu wa A wanasemwa ni wa utaratibu, ndiyo maana tunakuvumilia unavyopanga kalamu kwa urefu wake. Kumbe O! Tapeli mkubwa wewe."

Nikacheka naye. Nilikuwa najua, Shangazi. Miaka miwili iliyopita, Kaka Hisato aliponipa uboho wa mifupa yake ili saratani ya damu isiniue, daktari alinieleza kwamba tangu siku hiyo kiwanda cha damu ndani yangu ni cha Kaka, na Kaka alikuwa O. Lakini kuambiwa si kuona.

Wiki iliyofuata tukaangalia chembe nyeupe kwenye darubini. Mwalimu alisema katika damu ya mwanamke chache kati ya kila mia huwa na kinundu kidogo kinachoning'inia, mfano wa kijiti cha kupigia ngoma, na kwa mwanamume hakipo. Nozomi alihesabu mia mbili, akapata saba. Mimi nikahesabu mia. Nikaongeza mia. Kipindi kikaisha, Mwalimu akaniachia ufunguo, nikaendelea mpaka mia tano, na sikupata hata kimoja. Kaka alikuwa na miezi minane kaburini tangu ile ajali ya pikipiki, na pale chini ya kioo zilikuwa chembe zake, zimetengenezwa wiki ileile, mbichi kabisa. Nilifunika darubini nikaenda kunawa mikono. Nilinawa muda mrefu, sijui nilikuwa naondoa nini.

Sikumwambia Mama. Yeye alikuwa ameshatangulia huko. Unajua ukibadilishiwa uboho, mwili unasahau kila ulichojifunza, hata chanjo za utotoni, kwa hiyo unachanjwa upya kama mtoto mchanga. Mwezi wa Aprili nilikwenda kuchomwa ya surua, na Mama akaja na kijitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto. Muuguzi alikifungua, akakifunga, akakifungua tena.

"Samahani, Mama, hiki si cha huyu. Jina ni la mvulana."

"Ndicho chenyewe. Chembe zinazofundishwa surua leo ni za huyo mvulana. Wewe piga muhuri."

Muuguzi akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Muhuri ukapigwa.

Basi Obon ikafika, siku za wafu kurudi nyumbani, Obon ya kwanza ya Kaka. Tangu niugue nilikuwa naishi huku Matsumoto, kwanza kwa Bibi mzaa mama, halafu hapa bwenini, na nyumbani Togakushi nilikuwa nakwenda wakati wa theluji tu, duka la Baba likiwa limefungwa. Daktari alishatuonya: Kaka hakuweza kuvumilia soba, hizo tambi zetu za ngano nyeusi, na mzio wa aliyetoa uboho unaweza kuhamia kwa aliyepewa. Nikae mbali na soba mpaka wanipime vizuri. Baba alipoambiwa hayo alikwenda kukata kuni. Wewe unamjua kaka yako. Vizazi sita wamekanda soba katika nyumba ile, na mrithi aliyebaki ni mimi. Machi nikimaliza chuo, mimi ndiye wa kushika kisu cha tambi. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na nikuambie kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nalitaka.

Tarehe 13 jioni majirani wote waliwasha magome ya miti mbele ya malango, wafu wao waone njia. Langoni kwetu palikuwa peusi. Nikamkuta Mama jikoni anapakua wali.

"Mama, magome yako wapi? Nikuwashie?"

"Ya nini? Ameshafika."

Akaweka bakuli la Hisato mbele yangu, na vijiti vyake juu. Kwenye kabati la marehemu, pale tunapowawekea wafu chakula, hakuweka kitu. Nikacheka, nikidhani Baba naye atacheka. Baba alikuwa anakula, macho chini. Nikala ule wali, Shangazi. Nilikuwa na njaa, na nilimaliza bakuli lote, na Mama akaniuliza kama bado napenda ukoko. Mimi sijawahi kupenda ukoko.

Kesho yake saa sita mchana wageni walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, na msaidizi wa Baba alikuwa anaumwa mgongo. Baba akaniita.

"Kanae! Njoo ushike chungu."

"Baba, daktari amesema..."

"Daktari anajua dawa, soba ataijulia wapi? Nusu saa tu. Umezaliwa humu wewe, mvuke huu ndio uliokulea."

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nataka kujua, na nilikuwa nataka maneno ya Baba yawe kweli. Nilifunua chungu mara moja. Viganja vikaanza kuwasha, halafu masikio, ndani kabisa, nami nikajikuta nimeziba masikio kwa mikono miwili na kuyasugua. Mama aliona. Kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akisugua masikio namna ile. Halafu koo likafunga. Nilikuwa nasikia pumzi yangu ikipiga mluzi huku mwenyewe nimetulia kwa ajabu, kana kwamba jambo hili limewahi kunipata mara nyingi. Mama alichomoa kwenye aproni sindano ya mzio, ile aliyozoea kumbebea Kaka, akanichoma pajani, akipiga kelele, "Hisato! Hisato, pumua!"

Nikapumua.

Nililala zahanati siku mbili. Asubuhi ya tarehe 16 Baba alikuja. Alikuwa ameoga na kubadili nguo mara tatu asije na unga, Mama aliniambia, na bado alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kuthubutu kuingia.

"Hizo chembe za kumbukumbu unazosoma," akasema, "zinakumbuka nini?"

"Kilichozidhuru, Baba. Kikija tena zinakitambua mara moja, zinakipiga. Hizi zimekosea adui, basi."

"Na aliyekileta, zinamkumbuka?"

Nikasema hapana. Akakaa. Akaniambia Hisato alipokuwa na miaka sita alikuwa anakataa soba, anasema inamwasha mdomo, na wateja walikuwa wanacheka, mtoto wa mpika soba asiyekula soba. Baba akaona ni kudeka. Akatia unga wa soba kwenye uji wake. Ndipo Kaka akapelekwa hospitali kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyejua sababu, hata Mama hajui mpaka leo.

"Aliniona nikikoroga," Baba akasema. "Aliniona, akanitazama, akanywa."

Kisha akainamisha kichwa kwenye godoro, karibu na mkono wangu, paji la uso likagusa kifundo, akasema kwa sauti ya chini, "Hisato, nisamehe."

Nilijua jibu la darasani. Damu haina masikio. Lakini mshipa ulikuwa unapiga pale alipoweka paji lake, na yeye alikuwa anausikiliza. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa kumjibu kwa kinywa changu jambo ambalo si langu.

Tangu siku hiyo duka halijafunguliwa. Mama anasema Baba yuko juu ya ngazi tangu asubuhi mpaka jioni, anakwangua boriti kwa kisu, kutoa unga wa vizazi sita ili niweze kurudi nyumbani. Kadiri anavyokwangua ndivyo unavyotimka. Umejaa chumbani kwangu, umejaa kwenye godoro, umelala juu ya kabati la marehemu. Daktari amesema sasa hata lango nisilikaribie. Baba ameambiwa, na bado anakwangua.

Msalimie Mjomba Genzo, Erika na mtoto wake mchanga, na yule jirani yenu anayenitumia kadi bila kunijua. Mungu wa kila upande awaangalie, akupe magoti ya msichana.

Ombi langu ni moja. Mwandikie Baba kwamba nyumba imeshakuwa safi, ateremke. Wewe ni mdogo wake, atakusikia. Mimi nilimpigia simu juzi, nikamwambia, "Baba, inatosha." Akauliza kwa adabu, kama anayezungumza na mgeni, ni nani kati yangu na Kaka anayesema.

Mwanao akupendaye daima,
Kanae