Imeliwa na Nani

Jumatatu, 3 Machi
Uji tena ukutani. Kosa langu, nilisahau kujaza kikombe nusu tu ili usimwagike. Mkono wa Mutua uliruka wenyewe, ukanipata mdomoni. Mwaka wa sita huu mume wangu anacheza ngoma isiyopigwa. Mdomo umevimba. Wateja wa cherehani wakiuliza, nitasema ni mlango.

Jumatano, 5 Machi
MRI ya pili. Walimdunga dawa ya usingizi kwanza, maana mashine inataka mtu atulie, na Mutua hutulia akilala tu. Daktari akaweka picha ya mwaka juzi kando ya hii. Weusi ulio katikati ya ubongo umepanuka. Alisema sehemu inayoongoza viungo inalika kidogo kidogo, na kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi. Mama mkwe hakuelewa. Nikamtafsiria kwa Kikamba, haraka haraka: imeliwa. Shemeji yangu Kioko alikuwa ndio anaingia mlangoni. Alisikia hilo tu. La kurithi sikulifikisha. Nilikuwa nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi
Kioko ameenda na bahasha ya picha. Anazunguka hapa Mumbuni hadi kijijini kwao Muthetheni akisema kuna mtu anakula ubongo wa ndugu yake. Neno nilitoa mimi. Maji yakimwagika hayazoleki. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne asubuhi. Wanaume saba, mipini ya majembe. Kioko mbele, picha ameielekeza kwenye jua ili majirani waone weusi.

"Imeliwa na nani?"

Nikasema ni ugonjwa. Wakasema ni kamuti. Walivunja cherehani vipande wakitafuta uchawi ndani yake. Kioko alinipiga mgongoni, akarudia, nikasikia ubavu ukilia. Nilimng'ata mkono wa kushoto hadi damu. Sijuti. Mutua alijaribu kuinuka anitetee, akaangukia meza, paji la uso likapasuka. Mmoja wao alikuwa na dumu la petroli. Alilifungua. Harufu ilinijaa puani nikajua nimekwisha.

Mama mkwe alirudi kutoka sokoni akatukuta hivyo. Akaweka kikapu chini. Akamnyang'anya Kioko picha, akaitazama yeye mwenyewe kwenye jua, kwa muda mrefu.

"Na baba yenu je? Si alicheza hivi hivi mpaka tukamzika? Ni mimi niliyemla?"

Dumu lilifungwa. Waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeniangalia.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Kupumua kunauma. Nawachukia wote saba, kwa majina.

Jumatatu, 10 Machi
Bado.

Alhamisi, 20 Machi
Kioko alikuja peke yake. Nilimkaribisha kwa sababu ya mama yake, si yake. Matusi nilikuwa nimeyapanga tangu wiki jana. Aliketi. Vidole vya mkono wa kushoto, ule wenye alama ya meno yangu, vilikuwa vinacheza juu ya goti. Aliona nimeviona. Akaukalia mkono.

Baadaye aliuliza polepole, "Shem, hiyo mashine, unaweza nipeleka?"

Nilimweleza yote kwa Kikamba, bila haraka. Hata lile la kurithi.

Kisha nikammiminia chai. Nusu kikombe.