Gego Limetoka, Mdomo Umelala

Nyumbani, kwenye meza ya cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Shikamoo yako nimeikuta juu kabisa ya barua, nami naiitikia kwa nusu mdomo: marahaba. Hujambo lakini? Shavu limepungua, au bado unalalia upande mmoja? Na hao watoto wako wa chekechea wanakuonea huruma au wanakucheka? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Shemeji yako yupo, na masharubu yake yapo, yanazidi kustawi. Wa kuulizwa hali ni mimi, na hali yenyewe ndiyo inayoninyima raha ya kukaa kwenye kiti hiki.

Umeniuliza kung'oa gego la mwisho kukoje, ukataka ukweli mtupu, maana siku yako imekaribia na unafikiria kuiahirisha tena. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi. Kukudanganya siwezi, kukutisha sitaki. Basi nakueleza yote, hata lile ambalo sijamaliza kulielewa mwenyewe, halafu utaamua.

Kung'oa kwenyewe si lolote. Daktari wangu ni dada mmoja mpole, ana mikono midogo, na hilo ni jambo la kushukuru kwa mtu anayeingia mdomoni mwako. Sindano ya ganzi inauma, lakini mimi nimeshajidunga vidole kwa cherehani vibaya zaidi ya hapo. Ukishakufa ganzi, maumivu huyasikii tena. Unasikia kusukumwa, taya linavutwa, kitu kinakwaruza ndani ya kichwa. Langu lilikuwa limelala ubavu chini ya ufizi, ikabidi alikate vipande ndipo litoke. Kilichonichosha ni kuachama.

Baadaye unapewa kitambaa cha shashi, unakiuma mpaka damu ikatike, na huruhusiwi kusema. Hebu nifikirie mimi, nimefumbwa mdomo, na Mama amekaa pembeni anawasimulia wagonjwa wote kwenye foleni kwamba jino limeniharibikia kwa sababu napenda sukari tangu utotoni. Nilikuwa namjibu kwa macho.

Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, wala usinywe kitu kwa mrija, maana ile damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo dawa yako, ikichomoka utakiona cha mtema kuni. Kesho yake ndipo unaanza maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu. Kula vitu laini vilivyopoa. Na utavimba. Siku ya pili ni afadhali kuliko ya tatu. Mimi nilivimba mpaka majirani wakaanza kumtazama shemeji yako kwa jicho baya, na maskini wa Mungu akawa anawaeleza watu kwenye ngazi, hata wasiomuuliza, kwamba ni jino, ni jino jamani.

Yote hayo yamepita. Uvimbe umekwisha, kidonda kimefunga.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Nilikwenda kujigusa kwenye kioo.

Ganzi haijaondoka, Chiriku. Ndilo hilo. Nusu ya mdomo wangu wa chini, upande wa kushoto, pamoja na kidevu, imelala tangu siku ile, na wiki zinakwenda. Mdomo haukupinda, ukiniona hutajua. Ila nikiugusa ni kama naugusa wa mtu mwingine. Daktari alikuwa ameshaniambia kabla, picha mbele yetu, kwamba mzizi wa jino umekaribia mshipa wa fahamu na unaweza kuguswa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nikitaka tu litoke. Nilipomrudia hakunificha kitu. "Wengi hurudi kama zamani," alisema. "Lakini siwezi kukuahidi."

Na kazi yangu unaijua. Tangu nijifunze kushona, pini zangu zinakaa mdomoni. Nazibana kwa midomo, mkono unazichukua moja moja, na bila kutazama najua zimebaki ngapi na zimeelekea wapi. Basi juzijuzi mteja wangu mmoja, mwalimu mkuu, amesimama juu ya stuli nampunguzia gauni kiunoni, na mimi kwa mazoea nikajaza pini mdomoni. Nafunga upindo, napiga porojo kwa pembe ya mdomo kama kawaida yangu. Mara namwona amekodoa macho. "Fundi," akasema polepole, "unatoka damu." Pini ilikuwa imenichoma mdomo ikazama, imesimama pale, na mimi sina habari. Nilipoichomoa ndipo mwalimu mkuu akaishiwa nguvu. Ikabidi nimshushe kwenye stuli nimpepee, mgonjwa akimuuguza mzima.

Sikulia mbele yake. Nililia jikoni.

Shemeji yako akaninyang'anya pini zote. Jioni akaniletea kimto cha sponji cha kuchomekea pini, chenye kamba ya kufunga mkononi kama saa. Amekishona mwenyewe, mishono imekwenda kombo kila upande. Ningekuwa na mwanafunzi wa kushona hivyo ningemrudisha kwao. Nakivaa. Lakini kila mara mkono unakwenda mdomoni kwanza, unakuta patupu, ndipo unakumbuka. Gauni la nusu siku sasa linakula siku nzima, na nikifikiria kwamba huenda ndivyo nitakavyofanya kazi maisha yangu yote, naachia pedali nasimama.

Sitoi mguu kwenye kioo. Nimejipima kwa barafu, kwa ubaridi wa kijiko, kwa meno ya kitana. Hakuna. Mama anasema nimekuwa kama mtu aliyepoteza funguo, narudi kutafuta palepale nilipokwisha kutafuta.

Kuna jingine, na hili usimwambie mtu. Unajua nilivyoyasema masharubu ya shemeji yako miaka yote hii, kwamba nimeolewa na brashi ya viatu. Kila asubuhi akiniaga hunibusu, nami humsukuma kwa kuwa yananichoma. Sasa ananibusu palepale na sisikii kitu. Namwona tu uso umekuja, umeondoka. Inaniuma sana, na sikuwa nimemwambia. Yeye alidhani yananitonesha, akaniuliza kwa upole kama ayanyoe.

"Usiyanyoe," nilimwambia. "Nayasubiri."

Akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.

Sasa kuhusu wewe. Umesema lako ni la chini kama langu. Mwambie daktari akuonyeshe picha, akuonyeshe na huo mshipa ulipopita, na umuulize mpaka uelewe. Usiwe kama mimi wa ndiyo, ndiyo. Lakini usikimbie. Mimi nilikwisha kushindwa kufungua mdomo hata kupitisha kijiko, homa usiku na mchana, usaha shingoni. Kubaki na gego lile kungenimaliza. Hata leo, na mdomo wangu huu, ningekalia tena kile kiti.

Nakomea hapa kidogo, mkono umechoka na moyo pia.

Jumatatu.

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeikunjua tena. Asubuhi hii tumeamka tunagombana, kwa sababu mvua inanyesha na shemeji yako hataki kubeba mwavuli, eti unamzeesha. Nimemfuata hadi mlangoni nikimsema. Akaniinamia kuniaga ili ninyamaze. Nikamsukuma.

Nimemsukuma, Chiriku! Kwa sababu yamenichoma. Pale kwenye kona ya mdomo, mahali padogo kama kifungo cha shati, yamenichoma na kuniwasha vilevile kama zamani, uchungu wa kuudhi kabisa. Tukasimama tunatazamana, mvua inaingia ndani.

"Rudia," nikamwambia.

Amechelewa kazini, na mwavuli ameusahau.

Kidevu bado kimelala, na pini sijazigusa. Ila nimekaa kwenye cherehani tangu alipotoka, sijainuka kwenda kwenye kioo.

Nenda kang'oe. Nisalimie mumeo na mapacha, na mama mkwe wako mwambie namwamkia kwa heshima zote. Mama anakusalimu, anasema upunguze sukari. Mungu aitulize mikono ya daktari wako na akurudishe nyumbani salama, ukiwa na mdomo wako wote.

Wako akupendaye, kwa mdomo ulioanza kuamka,

Dada yako, Fundi.